Kuzunguka ziwa Xihu la Hangzhou mwenyewe, bila kufuata kibendera cha mtu

Kama upo Yiwu unahangaika na mizigo ya soko la Futian, au unasoma Jinhua, au umetua Shanghai na una siku mbili tatu kabla ya ndege, halafu kila wikiendi unaimalizia kitandani na simu, basi jua kwamba ziwa zuri kuliko yote China liko hapo Hangzhou (hayo maneno yangu, waliofika ziwa la kule Dali watabisha na wabishe tu) na kuliingia ni bure. Jiji liliondoa viingilio kwenye bustani za kando ya ziwa toka 2002, kwa hiyo huhitaji kampuni ya utalii wala yule dada mwenye kibendera na spika kiunoni anayekupa dakika kumi za kupiga picha kisha anawapeleka dukani. Unachohitaji ni miguu, kuamka mapema, na kuweka sawa simu na pasipoti kabla hujatoka, na hivi viwili vya mwisho ndo vinawakwamisha watu wetu, ziwa lenyewe halina shida na mtu.

Tuanze na pasipoti basi. Uliye China tayari kwa kibali cha ukaazi au viza ya biashara huna la kuomba zaidi, ila tembea na pasipoti yenyewe sio picha yake kwenye simu, maana treni, hoteli, wote wanataka kitabu. Mnaotoka Ulaya, Marekani au Ghuba sikilizeni vizuri hapa: kinachoangaliwa ni pasipoti unayobeba, sio nchi unayoishi. Green card haikusaidii kitu, ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda unaomba viza kama aliyeko Dar. Wenye pasipoti ya Marekani wapo kwenye ule mpango wa kupita bila viza kwa masaa 240, yaani siku 10, lakini sharti uwe unaelekea nchi ya tatu, kwa mfano unatoka Marekani unapita Hangzhou unaenda zako Bangkok, sio Marekani kwenda China na kurudi Marekani, hapo utarudishwa kwenye kaunta ya uwanja wa ndege kabla hata hujapanda. Pasipoti ya Oman nayo iliingizwa kwenye orodha ya kuingia bila viza mwaka 2025. Hizi orodha zinabadilika badilika, angalia tovuti ya ubalozi wa China wiki hiyohiyo unayokata tiketi.

Simu sasa, na hapa nitakaa kidogo. China bila simu yenye chaji ni mateso, muuza mahindi ya kuchemsha anataka uskani. Weka apu za malipo, Alipay (ndo nyumbani kwao Hangzhou hapo) na WeChat, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, siku hizi zinakubali kadi za nje, malipo ya chini ya yuan 200 hayakatwi ada ila ukizidisha hapo inakatwa asilimia 3, kwa hiyo hoteli ilipie kwa njia nyingine kama unaweza. Fanya hayo yote ukiwa bado nyumbani kwako kwa sababu benki itakutumia namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya zamani na ukishakuwa barabarani na laini imezimwa umekwisha. Google Maps, WhatsApp, Instagram vimefungwa kwa intaneti ya kichina, ila ukitumia laini ya nje kwa roaming mara nyingi vinafunguka vizuri tu, wanaotumia laini za China ndo wanajua wenyewe wanavyofanya. Ramani tumia Amap, ina Kiingereza, na majina ya sehemu yahifadhi kwa maandishi ya kichina kwenye skrinshoti, dereva teksi haelewi ukimwambia "West Lake" (Xihu kwa Kiingereza) lakini ukimuonyesha 西湖 anaondoa gari. Pawabenki beba, na kama utapanda ndege za ndani ya China hakikisha ina alama ya 3C, ile ya usalama ya China, toka Juni 2025 zisizo nayo zinabaki kwenye ukaguzi.

Treni unakata kwenye apu ya 12306 kwa jina na namba ya pasipoti, inafunguliwa siku 15 kabla, ina Kiingereza, ukishindwa tumia Trip.com wanakula kamisheni ndogo tu. Kutoka Yiwu ni kati ya nusu saa na dakika hamsini hivi kutegemea treni, Jinhua sogeza kidogo, Shanghai Hongqiao kama saa moja, Guangzhou ni masaa sita saba kwa hiyo hao waje kwa siku tatu sio kwa wikiendi. Angalia stesheni unayoshukia maana Hangzhou zipo kadhaa, we chagua Hangzhou Dong, hapo chini yake kuna metro Line 1 ambayo unakaa bila kubadilisha mpaka Longxiangqiao, ukitoka juu unatembea dakika chache unaliona ziwa. Ile nyingine ya Hangzhou Xi iko mbali, ukikata hiyo kwa kuona ni bei rahisi kile kichache ulichookoa utakilipa kwa muda. Getini kama mashine haisomi pasipoti nenda kwenye njia ya mtu, yupo pembeni, na fika mapema kwa sababu geti linafungwa dakika kadhaa kabla treni haijaondoka na halifunguliwi kwa machozi.

Lini uende? Mwisho wa Machi na Aprili mipichi inachanua kando ya matuta, Septemba na Oktoba mji mzima unanukia maua ya guihua, Novemba baridi nzuri na majani mekundu. Juni mpaka mwanzo wa Julai ni mvua za kila siku zile za kulowesha mpaka soksi, Julai na Agosti yungiyungi yamejaa maua lakini jua linapiga hadi nyuzi 38 na unyevu juu, mtu wa Tanga atasema nimezoea, ngoja aone. Na tafadhali tafadhali usiende tarehe 1 hadi 7 Oktoba, wala ile likizo ya mwanzo wa Mei. Daraja la Duanqiao siku hizo ni Kariakoo mkesha wa Idi, hutembei unabebwa, na hoteli inapanda bei hata mara tatu.

Hoteli usijibane na Hubin kando ya maji kabisa, ni ghali kwa sababu ya dirisha tu, lala popote karibu na metro Line 1, mfano maeneo ya Wulin au Ding'an Road. Serikali yao ilishasema hoteli zisikatae wageni lakini vile vihoteli vidogo bado kuna mhudumu anaona pasipoti anaogopa mfumo wa kusajili wageni, hivyo tuma ujumbe uulize kabla. Wao ndo wanakusajili polisi, ukilala kwa rafiki inabidi ukajisajili mwenyewe ndani ya masaa 24, wanafunzi hili mnalijua lakini mnalipuuza.

Haya sasa, njia yenyewe. Ziwa zima ukilizunguka ni kama kilomita 15, ila ukikata katikati kwa tuta la Su inapungua na hukosi kitu cha maana. Anza saa kumi na mbili asubuhi, hata mapema zaidi kama ni majira ya joto, pale Duanqiao upande wa kaskazini mashariki. Muda huo kuna wazee wanafanya taichi, wengine wanaandika kwa brashi kubwa ya maji chini kwenye mawe, maandishi yanakauka wanaandika tena, mabasi ya vikundi bado hayajafika. Duanqiao ndo hadithi yao ya nyoka mweupe aliyejigeuza mwanamke akampenda kijana inapoanzia, walikutana hapo, msikie tu vizuri maana mwisho wa hadithi mtaupitia mchana. Unafuata tuta la Bai, kama kilomita moja, mpaka kisiwa cha Gushan, unapumzika, unatokea barabara ya Beishan hadi hekalu la Yue Fei. Huyu alikuwa jenerali aliyeuawa mwaka 1142 kwa fitina za wakubwa wake, sasa waliomfitini wamechongewa sanamu za chuma wamepiga magoti mbele ya kaburi lake, na kuna kibao kinachokataza watu kuwatemea mate. Hapo kuna kiingilio kidogo, mimi naona panastahili.

Kutoka hapo shika tuta la Su kuelekea kusini. Ni kilomita 2.8, madaraja sita, mierebi pande zote, na ndo kipande kizuri kuliko vyote. Alilijenga Su Dongpo, mshairi aliyekuwa gavana, karibu mwaka 1090, ziwa lilikuwa limejaa magugu na tope akaamuru lichimbwe na tope lile lile likarundikwa likawa njia, yaani uchafu aliukuta ziwani akaufanya barabara na mpaka leo watu wanapiga picha za harusi juu yake. Usikimbie hapa. Kaa kwenye benchi, kula ulichobeba, angalia boti.

Wenzetu wengi wanakodi baiskeli kwa mawazo ya kuzunguka haraka. Hangzhou ina baiskeli za umma toka 2008 na lisaa la kwanza ni bure, poa sana mjini, ila kwenye njia nyingi za ukingoni mwa ziwa zimekatazwa, na wikiendi ndo kabisa, utaisukuma kuliko kuipanda. Kama miguu haikupi ushirikiano, au umekuja na mama mzazi, kuna vigari vya umeme vinazunguka ziwa, unapunga mkono vinasimama, mzunguko mzima ni kama yuan 40, unaweza lipia kipande kipande.

Mwisho wa tuta kuna bustani ya samaki ya Huagang halafu mnara wa Leifeng. Ule mnara wa zamani wa mwaka 975 hivi ulianguka 1924, sababu mojawapo watu walikuwa wanachomoa matofali wakiamini ni dawa na bahati, huu uliopo umejengwa 2002 na una eskaleta na lifti, wengine wanaukejeli kwa hilo, lakini hapo chini ndo yule nyoka alifungiwa na ukipanda juu mchana ukielekea jioni unaliona ziwa lote. Toka hapo unarudi Hubin kwa ukingo wa mashariki taratibu.

Boti: panda zile za serikali kwenye gati zenye dirisha la tiketi, zinakupeleka kisiwa cha Xiaoyingzhou na vile vinara vitatu vya mawe majini, toa noti ya yuan 1 uigeuze nyuma, ndo hapo penyewe. Tiketi usiitupe, unarudia nayo. Boti ndogo za kupigwa kasia bei ni kwa boti kwa saa, sio kwa kichwa, bei imebandikwa, akikuambia nyingine mwonyeshe kibao.

Msosi. Nyama ya Dongpo inayosifiwa kila mahali ni nguruwe, Waislamu kaeni mbali, na samaki wa siki wa Xihu hata wenyeji wanamtania mtandaoni, mimi singempa hela yangu. Halali ipo: vibanda vya tambi za Lanzhou viko kila mtaa, na mtaa wa Zhongshan Zhong Lu kuna msikiti wa Phoenix wa zama za kale, Ijumaa unaswali hapo na kupata chakula jirani. Ibn Battuta aliyefika Kilwa 1331 anaeleza pia alivyofika mji huu kwenye miaka ya 1340 akawakuta Waislamu na mtaa wao, kwa hiyo we sio wa kwanza kupita Kilwa na Hangzhou.

Utaombwa picha, sana, hasa na watu waliotoka mikoani. Hutaki sema "bu yao" ukitabasamu endelea na safari, unataka basi na wewe mwombe akupige ya kwako.

Ukibaki siku ya pili nenda kijiji cha Longjing kwenye mashamba ya chai, shuka kwa miguu kupitia Jiuxi mpaka mto Qiantang, njia ni ya mteremko na kijito pembeni. Yule mama wa kituoni anayekuvuta ukaonje chai kwake anauza, sio anakaribisha, na chai halisi iliyochumwa kabla ya sikukuu ya Qingming mwanzoni mwa Aprili nusu kilo ni yuan elfu kadhaa, hiyo ya 80 ni majani tu. Lipia glasi moja, kaa, wanakuongezea maji ya moto bure. Na tiketi ya kurudi Yiwu Jumapili jioni ikate siku ileile unayokata ya kwenda, zinaisha mapema, ukichelewa utapata ya saa nne usiku au ya kusimama.