Namna ya Kubaini Viambata vya Kati vya Erithromisini katika Mchuzi wa Bakteria

Kipimo cha sahani ya agari, ambacho huonyesha kama dawa inazuia vimelea kukua, hakifai kutafuta viambata vya kati, yaani molekuli za hatua zinazotangulia erithromisini, dawa ya kupambana na bakteria, katika mchuzi (kimiminika chenye chakula cha kuoteshea bakteria). Saccharopolyspora erythraea, bakteria aliyepatikana katika udongo wa Ufilipino, hujenga kwanza pete kubwa ya 6-deoksierithronolidi B, akaitia oksijeni ikawa erithronolidi B, kisha akaiunganisha na sukari ya mikarosi na baadaye ya desosamini. Kabla desosamini haijaingia, viambata hivi haviui vimelea. Na kwa kuwa vyote, pamoja na dawa yenyewe, hufyonza mwanga wa urujuanimno kwa unyonge, chombo cha kutegemea ni kromatografia ya kimiminika, inayotenganisha molekuli, iliyounganishwa na spektrometa ya masi, inayozipima uzito.

Otesha bakteria katika chupa inayotikiswa, kwa nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, kwa siku 5 hadi 7. Andaa pia chupa mbili za kulinganisha: moja ya mchuzi usiopandwa kitu, na nyingine ya mchuzi mtupu uliotiwa erithromisini A safi. Hii ya pili wengi huiruka, na ndiyo inayookoa matokeo, kama itakavyoonekana.

Tenganisha seli kwa sentrifuji, lakini usizitupe, kwa kuwa pete zisizo na sukari hazipendi maji na sehemu yake huweza kubaki humo. Zikamue kwa methanoli. Mchuzi uliobaki upandishe hadi pH 9.5, kiwango ambacho desosamini hupoteza chaji yake na molekuli ikakubali kuhamia kwenye asetati ya ethili, kiyeyusho kisichochanganyika na maji. Usipite 10. Kamua mara mbili kwa ujazo sawa wa asetati, ndani ya kabati la kufyonza hewa na mbali na moto, kausha bila kuzidi nyuzi 40, yeyusha masalia kwa methanoli kidogo, kisha chuja.

Pitisha sampuli kwenye safu ya C18 (mrija wenye chembe zinazoshika molekuli zisizopenda maji) kwa asetonitrili na maji yenye asetati ya amonia. Katika hali ya ioni chanya, erithromisini A, ambayo ndiyo dawa yenyewe, huonekana kwenye 734.5 (namba hizi ni masi kwa chaji, m/z), na ndugu zake erithromisini B kwenye 718.5, C kwenye 720.5 na D kwenye 704.5. Pete tupu hazina nitrojeni ya kushika protoni, hivyo zitafute zikiwa zimebeba sodiamu: 6-deoksierithronolidi B kwenye 409.3, erithronolidi B kwenye 425.3, na ile yenye mikarosi peke yake kwenye 569.3.

Mtego mkubwa uko kati ya B na C. Kwa sababu ya kaboni-13 ya asili (isotopu, yaani aina ya kaboni iliyo nzito kidogo), molekuli za B huwa na kilele kidogo kwenye 720.5, karibu asilimia 10 ya kile cha 718.5, na asiyekuwa mwangalifu hukiita C. Vunja ioni hiyo uone: C hupoteza mikarosi yenye masi 144 na kuacha 576, ilhali B hupoteza sukari ya kladinosi yenye masi 158, hivyo kipande kinachotoka katika kilele chake cha isotopu ni 562. Zote hutoa pia kipande cha desosamini kwenye 158. Bakteria aliyeharibiwa eryF, jeni ya kimeng'enya kinachoitia pete oksijeni, naye hutoa 6-deoksierithromisini A yenye 718.5, sawa kabisa na B. Hapo masi pekee haiamui, na ni lazima kulinganisha muda wa kutoka kwenye safu na sampuli safi.

Kilele cha 716.5 kisikusisimue. Asidi huinyang'anya erithromisini A molekuli moja ya maji, nacho kikaonekana kama kiambata kipya. Kikitoka kwenye safu kwa wakati mmoja na 734.5, maji yamepotea ndani ya spektrometa. Kikitoka wakati tofauti, na kikaonekana pia katika chupa ya erithromisini safi, basi asidi imeingia wakati wa kukamua au kwenye kimiminika cha safu.

Ukitaka uthibitisho kwamba kiambata kimetoka kwenye njia hii na si kwenye chakula cha mchuzi, lishe bakteria propionati (chumvi ya asidi ndogo yenye kaboni tatu) iliyotiwa kaboni-13 katika nafasi ya kwanza. Pete hujengwa kwa vipande 7 vya propionati, kwa hiyo kila kipande chenye alama huongeza masi kwa 1. Usitarajie kuona ongezeko kamili la 7, kwa kuwa seli huchanganya alama na propionati yake yenyewe. Kinachotafutwa ni kundi la vilele kupanuka kuelekea masi kubwa zaidi.