Jinsi ya kuunda kidege cha vita cha skeli 1/144 na kukipaka rangi, hapahapa Dodoma

Wakuu, kabla hujagusa gundi wala brashi chukua kalkuleta kwanza. Tunaunda MiG-21, ndege ya kivita ya jeti ya Kisovieti; ile halisi mabawa yake ni mita 7.15 toka ncha hadi ncha, gawa kwa 144 unapata kama milimita 50, yani sentimita 5 tu, na urefu unakuja kama sentimita 10 ukitoa ule mkuki wa mbele, kijibomba chembamba kinachochomoza puani. Sasa hesabu hiyohiyo ipeleke kwenye rangi: ukipaka koti lenye unene wa milimita 0.1, kwenye ndege halisi ni sawa na kuipiga plasta ya milimita 14. Hakuna ndege inaruka na plasta. Ndo maana kwenye skeli hii adui ni mmoja, unene, na karibu kila nachoelekeza hapa ni namna ya kuupunguza.

MiG-21 nimeichagua makusudi. JWTZ, jeshi letu, walikuwa nazo, na vita ya Kagera 1978 hadi 1979 wazee wetu bado wanaisimulia, kwaiyo ukimaliza utakuwa na kitu chenye maana mezani. Afu kwa anayeanza umbo lake ni rafiki: bomba moja, mabawa ya pembetatu, hakuna propela. Boksi la vipande kwa kawaida utaagiza mtandaoni au utamtuma mtu, likifika Dar linapanda treni ya SGR na jamaa yako mpaka huku. Vifaa vingine vyote vipo mjini, zunguka Majengo na Sabasaba. Bledi ya upasuaji unapata duka la vifaa tiba, kibano cha nyusi na tupa za kucha duka la vipodozi, msasa wa maji namba 600, 1000 na 2000 kwa wauza rangi za magari. Ukiwa kwenye vipodozi usijaribiwe na dawa ya kutolea rangi ya kucha, ikiwa na asetoni inayeyusha hii plastiki, bawa linakuwa uji.

Anza kwa kuosha vipande vikiwa bado kwenye fremu yake (vile vijiti vya plastiki vinavyovishikilia), maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mana kiwandani huwa vinabaki na mafuta ya kutolea kwenye umbo na rangi haishiki juu ya mafuta. Kukata, kata mara mbili: kwanza mbali kidogo na kipande kwa kikata kucha, afu kile kisiki kilichobaki kimalizie kwa bledi taratibu. Ukikata karibu mara moja plastiki inachanika na kwenye kidege cha sentimita 5 tundu dogo linaonekana kama limepigwa kombora.

Hapa sasa ndo watu wengi wanaruka na ndo panapotofautisha modeli na kidoli. Angalia ukingo wa nyuma wa bawa. Kiwandani unatoka na unene wa kama nusu milimita, ambao kwa skeli ni sentimita 7 na zaidi, wakati bati la ndege halisi pale ni jembamba sana. Kabla hujaunganisha, lala na msasa namba 600 ukisugua upande wa ndani au wa chini, sio wa juu wenye michoro, mpaka ukishika kwenye mwanga wa tochi ya simu plastiki inaanza kupitisha mwanga pembeni. Maliza na 1000. Fanya hivyo kwenye mkia pia na vifuniko vya matairi. Inachosha, ila hakuna hatua nyingine inayolipa kama hii, hata ukipaka rangi vibaya umbo litakuwa linasema ukweli.

Ndani kwa rubani usipoteze muda, paka rangi ya kijani ya bluu bluu au kijivu, kiti cheusi, basi, kioo chenyewe ni kidogo sana. Kuunganisha tumia gundi maji ya plastiki, ile inayopita yenyewe kwenye mwanya: shikisha nusu mbili pamoja, gusisha brashi ya gundi kwenye mstari, inanyonywa ndani yenyewe. Acha hadi kesho. Supa gluu iweke kwa ajili ya chuma tu, na isikaribie kioo maana mvuke wake unakifanya cheupe kama kina ukungu.

Rangi sasa, na hapa Dodoma ina mambo yake. Hewa yetu kavu na upepo, hasa kuanzia Juni huko mpaka Septemba, vumbi linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Spreyi ukiipiga saa nane mchana kwenye joto na upepo inakauka hewani kabla ya kufika, inatua kama unga na kidege kinakuwa na ngozi ya msasa. Piga alfajiri upepo umetulia, ndani ya boksi la katoni lililolazwa, vaa barakoa, na kabla ya kuanza nyunyizia maji sakafuni kama unavyofanya ukifagia uwanja ili vumbi lilale. Kipande kichomeke kwenye kijiti cha mshikaki usikishike na mkono. Praima ya kijivu, mpito mmoja mwepesi, hata kama plastiki inaonekana kidogo chini yake sawa tu. Ukitumia spreyi ya magari jaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki kwa sababu thina zake nyingine zinakula plastiki.

Kwa brashi, akriliki inakauka kwenye kisahani kabla hujamaliza bawa moja. Dawa yake ni hii: chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, weka tishu zilizolowa maji chini, juu yake karatasi ya kuokea keki, rangi iweke hapo. Unyevu unapanda taratibu na rangi inabaki laini siku nzima. Iongeze maji mpaka iwe kama maziwa, paka makoti matatu au manne mepesi, kila moja likauke. Koti la kwanza litakutisha, litakuwa na mabaka, liache hivyohivyo, usirudie juu ya rangi mbichi.

MiG-21 nyingi ziliachwa na rangi ya chuma. Kwa hiyo anza na nyeusi ya kung'aa nyembamba, ikikauka kabisa ndo fedha juu yake. Koni ya puani na ringi za matairi kijani kwenye nyingi. Rangi yoyote nyeusi au ya kijani kizito ichanganye na tone la kijivu, kitu kidogo ukikipaka rangi kali kama ya ndege kubwa kinaonekana cheusi mno. Na ile mistari ya mabati usiijaze nyeusi, tumia maji ya rangi ya kijivu tu. Mwanya wa milimita 1 kwenye ndege halisi, kwa skeli hii hata jicho halitakiwi kuuona.

Stika za maji zinataka uso laini, kwaiyo vanishi ya kung'aa kwanza, vinginevyo hewa inabaki chini na kunatokea weupe. Loweka, ikianza kuteleza ihamishe kwa brashi yenye maji, kisha gusa na siki nyeupe kidogo ili ilale kwenye michoro. Kwenye modeli ya chuma nusu mng'ao ndo unapendeza, usimalizie na vanishi iliyofifia kabisa.

Fremu za kioo paka kwa mkono, afu kwangua zilizozidi kwa kijiti cha meno kilichochongwa, na kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani. Mkuki wa mbele wa plastiki utupe, ni mnene kama bomba la maji. Tumia kipande cha uzi wa gitaa ule mwembamba kuliko yote, milimita 0.25, kata kwa koleo ukiwa umevaa miwani mana unaruka, toboa tundu kwa pini, tone la supa gluu. Huo uweke wa mwisho kabisa, siku unayokiingiza kidege kwenye boksi lake la kioo lisilopitisha vumbi, mbali na dirisha lenye jua.