Chai ya kijani kwa ngozi ya mafuta

Kabla hujalipia serumu ya chai ya kijani, geuza chupa usome orodha ya viambato nyuma. Tafuta Camellia sinensis, ndilo jina la mmea wenyewe. Ukiliona mkiani kabisa, baada ya manukato, kiasi chake huwa kiduchu. Irudishe tu rafuni. Kinachofanya kazi ni katekini, kemikali za asili za chai zinazosaidia kupunguza mafuta na kutuliza wekundu wa chunusi, ila mwanga na hewa huziharibu upesi. Chagua chupa ya kahawia yenye pampu, si kikopo cha kuchovya vidole. Ikibadilika rangi, nguvu imeshapungua. Mimi hupaka matone mawili asubuhi, kisha mafuta ya kujikinga na jua juu yake. Chai peke yake haizuii jua, hata muuzaji aape vipi.