Jinsi ya kuomba karatasi za mababu wa Kitaliano, hata kama babu mwenyewe aliokotwa

Wanaouliza hii kitu wengi ni watu wenye baba au babu Mtaliano, wapo wa Malindi na Watamu, wapo ambao babu yao aliletwa Kenya na Waingereza kama mfungwa wa vita miaka ya 40, na wapo walioolewa au kuoa huku Italia wanataka watoto waujue ukoo wa upande wa pili. Njia ni ileile kwa wote. Na nasema mapema kabisa, siku ukifungua karatasi ukakuta imeandikwa genitori ignoti, yaani wazazi hawajulikani, usifunge faili. Watu wengi wanaishia hapo wakati mtoto wa namna hiyo saa ingine ameandikwa sehemu nyingi kuliko mtoto mwenye baba na mama.

Sasa tuanze. Kitu cha kwanza unachotakiwa kujua ni comune, ule mji au kijiji alikozaliwa. Italia huwezi kuandika barua moja makao makuu Roma ukatolewa cheti cha mwaka 1880, kila comune inatunza rejista zake yenyewe kwenye ofisi inaitwa stato civile, na comune zipo karibu 7,900. Ukiambiwa tu "babu alitoka Sicilia" bado hujaanza. Kwa hiyo pekua nyumbani kwanza: pasi ya zamani, cheti cha ndoa, karatasi ya ubatizo, kitabu cha jeshi, barua zenye muhuri wa posta, nyuma ya picha pia angalia. Na jina litafute lilivyokuwa kule kwao, kama Kenya aliitwa Joseph kule Italia aliandikwa Giuseppe, kama aliitwa Louis basi tafuta Luigi.

Kama unajua mkoa mdogo (wao wanaita provincia) lakini comune hujui, na mtu wako ni mwanaume, basi jeshi litakusaidia sana. Kila kijana wa kiume aliandikwa kwenye liste di leva, orodha ya wanaotakiwa jeshini, zimepangwa kwa mwaka wa kuzaliwa na zina jina la baba na mama, mahali alipozaliwa, kazi yake, mpaka urefu na rangi ya nywele. Ziko Archivio di Stato, hifadhi ya nyaraka ya serikali iliyopo kwenye mji mkuu wa provincia. Kama aliingia jeshini kweli, omba foglio matricolare, hiyo ndo historia yake yote ya uaskari, na kwa wale wenye babu aliyekuwa mfungwa wa vita hii ndo karatasi ya kuanza nayo.

Alafu miaka. Rejista za serikali hazikuanza siku moja nchi nzima kwa sababu Italia yenyewe ilikuwa nchi nyingi mpaka 1861. Kusini bara zinaanza 1809, Sicilia 1820, sehemu nyingi zilizobaki 1866, Veneto na Roma 1871. Trento na Bolzano zilikuwa za Austria, huko vitabu vya paroko ndo vilikuwa vya serikali mpaka miaka ya 1920 kwa hiyo nenda moja kwa moja kanisani. Kabla ya miaka hiyo sehemu nyingi ni parokia, kwa sababu Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki) mwaka 1563 uliagiza kila paroko aandike ubatizo na ndoa.

Ukishapata comune na mwaka hata wa kukisia, ingia kwenye Antenati, tovuti ya wizara ya utamaduni ya Italia, ni bure na huhitaji wakala. Unachagua archivio, unachagua comune, mwaka, afu nati kwa waliozaliwa, matrimoni kwa ndoa, morti kwa vifo. Usisome ukurasa kwa ukurasa utachoka bure, nenda mwisho wa kitabu kuna faharasa ya majina, na comune nyingi zina indici decennali, yaani faharasa ya miaka kumi kwa mpigo. Angalia pia kwa jina la kwanza, sio ukoo tu, maana vitabu vya zamani vingine vimepanga hivyo. Sio kila provincia imeshawekwa, isipokuwepo hapo jaribu FamilySearch, tovuti nyingine ya kutafuta ukoo, nayo ni bure.

Kwenye hizo rejista kuna kaneno kadogo kanaitwa fu. "Di Giuseppe" maana yake baba yake Giuseppe yuko hai siku hiyo, "fu Giuseppe" maana yake ni marehemu. Kaneno hako kanakupunguzia kazi kweli kweli, ukikaona kwenye ndoa ya 1874 unajua kifo cha baba ukitafute kabla ya hapo. Na ukipata ndoa usiridhike na ndoa yenyewe, omba au fungua allegati, zile karatasi zilizoambatanishwa: cheti cha kuzaliwa cha bwana na cha bibi harusi, cheti cha kifo cha baba kama alishafariki, na kule Kusini saa ingine mpaka cha babu. Ndoa moja inakupa vizazi vitatu, mimi ningeambiwa nichague aina moja tu ya karatasi ningechagua hii.

Isipoonekana mtandaoni, andikia comune. Tafuta email ya stato civile kwenye tovuti ya comune yenyewe, andika Kitaliano kifupi, mfano: "Chiedo cortesemente la copia integrale dell'atto di nascita di..." yaani naomba nakala kamili ya cheti cha kuzaliwa cha fulani, afu weka jina, tarehe au mwaka, majina ya wazazi kama unayo, uhusiano wako naye na nakala ya kitambulisho chako. Sisitiza copia integrale, maana estratto ni muhtasari tu na maandishi ya pembeni mengi hayatoki, na hayo ya pembeni ndo tunayoyataka. Ukiwa hapohapo omba na stato di famiglia storico kutoka anagrafe, ofisi ya comune inayoandika wakazi, hiyo inaonyesha nyumba nzima, watoto wote na tarehe zao. Kuhusu hela, zamani ilikuwa karibu bure ila tangu 2025 sheria inaruhusu comune kutoza mpaka euro 300 kwa cheti cha zaidi ya miaka mia, kwa hiyo uliza kwanza na upekue Antenati vizuri kabla hujalipa.

Sasa tuje kwa watoto wa kuokotwa, kwao wanaitwa esposti, trovatelli au proietti. Ukoo wa mume wangu una mmoja, kwa hiyo hili naliongea kwa moyo. Ukutani mwa hospitali au nyumba ya watawa kulikuwa na ruota, pipa la mbao linalozunguka, mama anaweka mtoto upande wa nje, anazungusha, anagonga kengele, wa ndani wanapokea bila kumuona. Kuna waliowaweka kwa aibu ya kuzaa nje ya ndoa, na kuna mke na mume halali kabisa ambao njaa iliwashinda. Ruota zilianza kufungwa karne ya 19, Ferrara ilitangulia 1867, ya nyumba ya Annunziata pale Napoli ikafungwa 1875, na nchi nzima zikafutwa 1923.

Jina la ukoo lilikuwa la kupewa: Esposito Napoli, Innocenti au Degl'Innocenti Firenze, Colombo (yaani njiwa) Milano kwa sababu njiwa alikuwa nembo ya hospitali, Proietti Roma. Baadaye wakaanza kutunga jina jipya kwa kila mtoto ili asijulikane kirahisi. Kama babu yako ana jina la kutungwa basi ukoo wa jina hilo umeanzia kwake, usipoteze miezi kumtafuta baba yake mwenye jina hilohilo, hayupo. Na kinyume chake pia, kuitwa Esposito leo hakuthibitishi kitu mpaka uikute karatasi.

Tafuta cheti chake cha kuzaliwa kwenye Parte Seconda (sehemu ya pili) ya rejista ya nati, watu wanaangalia Parte Prima (sehemu ya kwanza) hawamuoni wanasema hakuandikwa. Kisome chote taratibu. Kinasema saa aliyookotwa, nani alimleta (Kusini mara nyingi ni ricevitrice, mama aliyekuwa na kazi hiyo ya kupokea watoto pale kijijini), nguo alizovishwa, kama alikuwa na utepe, medali, kikaratasi, na mwisho alikabidhiwa nani. Alafu angalia pembeni. Hapo ndo wanaandika kama miaka baadaye mama au wazazi wote walirudi wakamtambua, wengi wao walipokuwa wameshafunga ndoa. Mstari mmoja tu pembeni unaweza kukurudishia ukoo mzima.

Kuna jambo lingine hapa watu hawalijui na linafunga faili nyingi kimakosa. Kuanzia 1866 mpaka 1929 ndoa ya kanisani peke yake serikali ya Italia haikuitambua. Watu wa dini, hasa kwenye maeneo yaliyokuwa chini ya Papa, waliendelea kufunga kanisani tu, mtoto akizaliwa baba anaenda comune anaandikisha kwamba amezaa na "donna non maritata", mwanamke ambaye hajaolewa, jina halitajwi. Ukisoma unadhani mama alikimbia, kumbe wamelala nyumba moja wamefunga ndoa mbele ya padre. Kwa hiyo kabla hujasema mama hajulikani andikia parokia, au archivio ya dayosisi, uombe ubatizo wa mtoto huyohuyo, jina la mama linaweza kuwa limekaa tu pale. Kwenye Kilatini mtoto wa kuokotwa kweli wanaandika expositus au proiectus.

Kama kweli aliingia kwa ruota, nenda kwenye nyaraka za ile nyumba iliyompokea. Firenze, Spedale degli Innocenti ilipokea mtoto wa kwanza Februari 1445 na archivio yao ipo mpaka leo, pamoja na nusu za medali na sarafu ambazo mama alikata akabaki na nusu ya pili akitumaini kurudi. Napoli ni Annunziata, Venezia ni Pietà. Kwingine omba Archivio di Stato ikuelekeze nyaraka za brefotrofio, nyumba ya watoto wa kuokotwa, zilipo. Kwenye vitabu hivyo utamkuta mama wa kunyonyesha aliyempokea, kijiji chake, alilipwa nini mwezi hadi mwezi, mtoto alirudishwa lini au alibaki kwa nani, na kama ni msichana pesa alizopewa alipoolewa. Huyo mama wa kunyonyesha mimi namhesabu kwenye ukoo, mfuatilie na yeye, maana mara nyingi mtoto alikulia palepale na akaoa au kuolewa palepale.

Kwa waliozaliwa karibuni, mama akiomba asitajwe sheria inafunga nyaraka zinazomtambulisha kwa miaka 100. Mtoto mwenyewe akiwa hai anaweza kuomba tribunale per i minorenni, mahakama ya watoto, imuulize mama kwa siri kama bado anataka kufichwa, hii imewezekana tangu hukumu ya mahakama ya katiba namba 278 ya 2013. Mjukuu wa mtu wa 1870 hana kizuizi hicho, anaomba tu.

Kama lengo lako ni uraia, babu kuokotwa hakumharibii mtu, sheria inamhesabu mtoto aliyeokotwa Italia kuwa Mtaliano. Kilichobana ni sheria ya 2025 ambayo kwa kawaida inaishia kwa mzazi au babu na bibi, hivyo pima kwanza uko kizazi cha ngapi.

Ukiandikia archivio ya brefotrofio taja tarehe aliyopokelewa, jina alilopewa, na namba yake kama ipo kwenye cheti, maana nyumba nyingi ziliwapa watoto namba za mwaka na vitabu vimepangwa kwa namba hizo. Uliza pia kama wana segni di riconoscimento, vile vitu alivyoachiwa, na uombe wakupigie picha.