Jinsi ya kuchunguza rekodi ya mwakilishi katika Bunge la Minnesota

Kabla ya yote kuna neno moja la kuwekwa sawa. Kwetu Tanzania, mbunge wa jimbo ni yule aliyepelekwa Dodoma na wapiga kura wa Muheza au Mikumi, lakini Marekani jimbo ni mojawapo ya yale 50 yanayounda nchi, lenye gavana, bajeti na Bunge lake, na wajumbe wa Bunge hilo si wale wa Congress, yaani Bunge la taifa lililoko Washington. Bunge la Minnesota hukutana St. Paul. Lina maseneta 67 na wawakilishi 134, kwa kuwa kila wilaya ya seneti, yaani eneo linalomchagua seneta mmoja, hukatwa vipande viwili, A na B.

Anza na rejesta ya wabunge iliyowekwa kwenye intaneti na maktaba ya Bunge hilo, ambayo huonyesha miaka ya utumishi wa kila mjumbe, chama chake, kazi yake ya kujipatia riziki na kamati alizokaa. Usiishie kuhesabu miaka. Phyllis Kahn aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1973, akakaa miaka 44, hadi Ilhan Omar alipomshinda katika kura za mchujo za chama chao mwaka 2016 katika wilaya ya 60B. Omar naye alitumikia muhula mmoja tu wa miaka miwili, kisha akaenda Washington. Aliyedumu alipata nafasi ya kuacha sheria yenye alama yake, kama ile ya mwaka 1975 ya kudhibiti uvutaji sigara katika maeneo ya umma, ambayo Kahn aliisimamia barazani; wa muhula mmoja hapaswi kupimwa kwa mizani hiyohiyo.

Sasa fungua miswada ya mwakilishi unayemchunguza, na hapa usiwe na haraka. Kila muswada wa Baraza huanza na herufi HF, na pacha wake wa Seneti huanza na SF. Tazama jina la kwanza katika orodha ya waandishi, maana huyo ndiye mwenye muswada, atakayeutetea mbele ya kamati. Wanaofuata huenda waliweka majina yao ili kuunga mkono tu, na mjumbe anayejigamba kwamba ameandika miswada 60 mara nyingi amehesabu na ile aliyoiunga mkono tu. Kisha soma safu ya hatua. Ikiwa baada ya kusomwa mara ya kwanza na kupelekwa kamatini hakuna kilichofuata, huenda mwenyekiti wa kamati hakuupangia kikao, na kwa kawaida wenyeviti hutoka chama chenye wajumbe wengi. Kwa hiyo mjumbe wa upande mdogo asihukumiwe kwa miswada iliyolala.

Hata hivyo, muswada uliolala kwa namba yake unaweza kuwa hai mahali pengine. Katiba ya jimbo inataka kila sheria iwe na jambo moja, lakini viongozi wamezoea kufunga mambo mengi katika furushi moja mwishoni mwa kikao, na mwezi Mei 2024 furushi la namna hiyo lilizidi kurasa 1,400 na kupitishwa dakika za mwisho. Chukua kifungu chenye maneno ya pekee kutoka katika muswada wa mjumbe wako, ukitafute ndani ya furushi la mwaka huo. Kazi hii inachosha, lakini bila kuifanya utamwita mvivu mtu aliyefanya kazi.

Kuhusu kura, tumia Jarida la Baraza. Si kama Hansadi yetu, kwa kuwa halinakili hotuba. Huandika hatua zilizochukuliwa na majina ya waliokubali na waliokataa. Muswada huhitaji kura 68 barazani, hivyo kura ya ndiyo katika 68 kwa 66 ina uzito kuliko ile ya 130 kwa 4. Angalia pia kura za marekebisho, ambako mjumbe huonyesha msimamo wake kabla ya kura ya mwisho.

Hatimaye omba tamko la maslahi ya kiuchumi, ambalo kila mjumbe hulijaza kwa bodi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni. Ukikuta kwamba anamiliki nyumba za kupangisha, rudi kwenye miswada ya wapangaji uone alipiga kura gani.