Punguzo lipi linauza? Jipime kabla ya kutangaza ofa mtandaoni

Nauza sendo za ngozi kwa Instagram na WhatsApp, nikiwa Dar. Zamani biashara ikilala naandika "punguzo asilimia 20" kwenye stetasi, kisha nasubiri. Wachache walinunua, wengi waliendelea kuuliza "mwisho ngapi?" kana kwamba sijapunguza kitu. Siku hizi ofa haitoki kabla sijapita hatua hizi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya faida

Sendo naichukua kwa fundi 18,000, nauza 25,000. Faida 7,000. Asilimia 20 ni 5,000, kwa hiyo nabaki na 2,000. Faida niliyokuwa naipata kwa jozi 10, sasa lazima niuze jozi 35. Kama huna jozi 35 stoo, ofa hiyo achana nayo.

Hatua ya 2: Asilimia au shilingi?

Wafundishaji wa masoko wa Marekani wana kanuni: bidhaa ya chini ya dola 100 tangaza kwa asilimia, juu ya hapo taja dola, maana jicho la mteja hukimbilia namba kubwa. Kwetu kanuni hiyo inagoma. Bei zetu ni maelfu, kwa hiyo shilingi zitaonekana kubwa kuliko asilimia kila mara. Mimi najiuliza tu: hiyo hela inanunua nini? Buku jero haimshtui mtu, hapo bora niandike asilimia. Elfu tano ni bando, ni mboga ya nyumbani. Hiyo naiandika wazi: "Okoa 5,000".

Hatua ya 3: Angalia nauli kabla ya kugusa bei

Hapa ndipo wateja wengi wanapotukimbia. Mtu amependa, ameuliza saizi, ukimwambia "boda 4,000" anajibu "nitakucheki". Harudi.

Neno "bure" lina nguvu zake. Mwaka 2007 Shampanier, Mazar na Ariely walichapisha jaribio la chokoleti mbili: nzuri kwa senti 15, ya kawaida kwa senti 1. Wengi, asilimia 73, walichukua nzuri. Bei zote zikashushwa senti moja, nzuri ikawa 14 na ya kawaida bure. Tofauti ya bei ni ileile, lakini sasa asilimia 69 wakaikimbilia ya bure.

Kwa hiyo boda ya bure inanigharimu 4,000, pungufu ya ile asilimia 20, na bado inaongea zaidi. Kwa wa mikoani weka kiwango: ukichukua jozi mbili, nauli ya basi juu yangu. Kiwango kiwe juu kidogo ya manunuzi ya kawaida. Ukiweka jozi tano mtu haongezi, anaghairi.

Hatua ya 4: Jaribu kwa makundi mawili

Usiniamini mimi, wateja wako si wangu. Gawa orodha yako kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya simu: shufwa kundi moja, witiri jingine. Ukiwachagua mwenyewe utawapendelea wanaonunua kila siku, na jibu litakuwa la uongo. Watumie picha ileile, saa ileile. Kundi moja "Okoa 5,000", jingine "Boda bure". Kila anayejibu mwekee lebo ya kundi lake kwenye WhatsApp Business. Hesabu waliolipa. Waliosema "nzuri jamani" na kuweka moyo usiwahesabu.

Hatua ya 5: Funga ofa siku uliyosema

Ukiandika mwisho Jumapili halafu Jumatatu bado unauza bei hiyo, umeshawafundisha kusubiri. Kuwatoa kwenye mazoea hayo ni kazi: duka la Marekani la JCPenney lilifuta kuponi na ofa zake za kila mara mwaka 2012, likaweka bei ya chini isiyobadilika, na mauzo ya mwaka huo yakaanguka kwa karibu robo.

Na usipandishe bei Ijumaa ili uikate Jumamosi. Wateja wana skrinishoti.

Hatua ya 6: Rudi baada ya mwezi

Fungua zile lebo mbili. Tazama nani amerudi kununua bila ofa. Kwangu wa boda bure wanarudi. Wa "Okoa 5,000" wananiuliza ofa nyingine lini.