Jinsi ya kuuona utando wa seli ukipiga kazi, kwa kitunguu na chumvi tu

Wanafunzi wengi ukiwauliza utando wa seli unafanya nini wanajibu fasta, unachagua kipi kipite na kipi kisipite. Waulize sasa unachaguaje, kimya. Inauma kwa kweli, maana hiki ni kitu unaweza kukitazama mwenyewe kwa hadubini ya kawaida ya shule na hutakisahau tena.

Ila ujue mapema kwamba utando wenyewe hutauona. Unene wake ni kama nanomita 7 hivi, na hadubini ya mwanga ikishafika nanomita 200 imeishia hapo. Tunachotafuta ni kazi yake.

Tafuta kitunguu chekundu, menya yale maganda makavu, halafu chukua jani nene la ndani ambalo mgongo wake una zambarau. Livunje taratibu, utaona kuna kingozi chembamba cha rangi kinabaki kinaning'inia, kivute. Kipande kidogo kabisa kinatosha. Kitandaze kwenye slaidi juu ya tone la maji kisijikunje, kisha laza kifuniko kwa mshazari ili mapovu ya hewa yatoke. Anza na lenzi ya chini ndo upande. Utakuta seli zimepangana, ndefu ndefu, zambarau imejaa mpaka kwenye kona. Hiyo rangi iko ndani ya vakuoli, ule mfuko mkubwa wa majimaji ulio ndani ya seli.

Sasa koroga chumvi gramu 5 kwenye maji mililita 100. Dondosha tone pembeni ya kifuniko, na upande wa pili gusisha karatasi inayonyonya ili maji ya chumvi yavutwe yapite chini. Usitoe jicho hapo! Ndani ya dakika chache zambarau inaanza kubanduka kwenye kona, inajikusanya katikati, inazidi kukolea kwa sababu maji yanatoka na rangi inabaki, na huku ukuta wa seli umekaa palepale kama hakuna kilichotokea.

Hapa ndo nakuomba usimame kidogo. Lile pengo kati ya ukuta na zambarau lina nini ndani? Wengi husema hewa, au hakuna kitu. Ni maji ya chumvi. Ukuta wa selulosi umeyaruhusu yapite bila shida, utando ndo umeizuia chumvi. Yaani mlinzi ni hiki kitu chembamba kisichoonekana, sio ule ukuta mnene unaouona.

Na unazuia hivi: utando umejengwa kwa fosfolipidi, molekuli za jamii ya mafuta (lipidi), kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya asidi ya mafuta inayoyakimbia. Zikiwa majini zinajipanga zenyewe safu mbili, mikia imeelekeana ndani, vichwa nje. Mwaka 1925 wanasayansi Gorter na Grendel walitoa lipidi kwenye seli nyekundu za damu wakazitandaza juu ya maji, eneo likaja kama mara mbili ya eneo la seli zenyewe, ndo wakasema ni safu mbili. Basi ayoni ya sodiamu, yaani chembe mojawapo ya chumvi iliyoyeyuka, ina chaji ya umeme na imezungukwa na maji, ile sehemu ya katikati yenye mafuta haiivuki, inahitaji protini maalumu ya kuipitisha. Oksijeni na kabonidayoksaidi zinajipenyea tu. Maji yanapenya kidogo kwenye lipidi, lakini njia yake ya haraka ni protini zinazoitwa akwaporini, ugunduzi uliompa Peter Agre sehemu ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Kabla seli hazijachoka, rudia kuvuta, safari hii kwa maji safi. Zambarau inavimba polepole inarudi kwenye kona zake. Ukiiacha muda mrefu kwenye chumvi kali seli zinakufa na hazirudi, kwa hiyo usichelewe.

Halafu fanya hili ambalo watu wengi hulirukaga na mi naona ndo la muhimu kuliko yote: chovya kipande kingine kwenye maji yanayochemka kama dakika moja. Rangi inavujia nje, maana joto limevuruga utando wa vakuoli na ule wa nje pia. Kitie chumvi sasa. Hakuna kinachosinyaa, chumvi inaingia popote inapotaka, ijapokuwa kuta zote bado zimesimama vilevile.

Kwenye daftari chora seli moja katika hali hizo, ya maji, ya chumvi, iliyorudishwa na iliyochemshwa. Kwenye pengo andika kabisa "maji ya chumvi", na mstari wa utando uuchore kwenye ukingo wa zambarau, usiugandishe kwenye ukuta.